MWANAFUNZI UGENINI: JINSI YA KUSAFIRI KATIKA JIJI LA LONDON

Kila mwaka vijana kutoka Kenya huvuka bahari kwenda kusoma katika vyuo vya Uingereza. Kabla ya kuondoka hupewa mashauri mengi na wazazi, walimu na jamaa zao: juu ya baridi, juu ya chakula, juu ya marafiki wabaya na juu ya kutunza fedha. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ndilo litakalomkabili kijana siku ile ile ya kufika kwake, yaani namna ya kupanda basi na treni. Jambo hili huonekana dogo. Hata hivyo mwanafunzi asiyelijua hupoteza wakati, hupoteza fedha, na pengine hujikuta mbele ya hakimu bila ya kukusudia uovu wowote.

Habari zifuatazo zahusu jiji la London, ambako wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wamesoma tangu zamani. Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, alisoma huko katika chuo cha London School of Economics katika miaka ya 1930, wakati ambapo tramu zilikuwa bado zikipita barabarani. Tramu hizo za zamani ziliondolewa mwaka 1952, lakini mabasi mekundu na reli ya chini ya ardhi vipo mpaka leo, navyo huchukua mamilioni ya watu kila siku ya kazi.

TOFAUTI ILIYO KUBWA

Mtu aliyezoea matatu za Nairobi huongozwa na mdomo. Kondakta husimama mlangoni akiita jina la mahali gari liendako. Abiria asiyejua huuliza. Nauli hutajwa papo hapo, na huenda ikapanda mvua inyeshapo au jioni watu wanapokuwa wengi. Atakaye kushuka hugonga bati au husema "Shukisha!", na gari likasimama. Kwa hiyo hata mtu asiyejua kusoma aweza kutoka kwao, akafika mjini na kurudi salama.

Mgeni wa London huongozwa na maandishi. Hapo zamani mabasi ya huko nayo yalikuwa na makondakta. Katika mabasi ya aina iitwayo Routemaster, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 1956, kondakta alipita katikati ya viti akikata tikiti na kuwaambia wageni washukie wapi. Mabasi hayo yaliondolewa katika kazi za kawaida mwezi wa Desemba 2005. Siku hizi dereva yu peke yake, naye amekaa nyuma ya kioo akiangalia njia. Hapana wa kuita abiria, wala hapana wa kupokea fedha mkononi. Yote ambayo kondakta angaliyasema yameandikwa: katika nguzo ya kituo, juu ya kipaji cha basi, katika kuta za stesheni na katika ramani. Mwanafunzi akiisha kufahamu ya kuwa mahali pa kondakta pameshikwa na maandishi, mengine yote humjia kwa wepesi.

RELI YA CHINI YA ARDHI

Reli ya chini ya ardhi ya London ndiyo ya kwanza duniani. Sehemu yake ya kwanza, kutoka Paddington hata Farringdon, ilifunguliwa Januari 1863, nazo treni zake zilivutwa na injini za moshi. Mwaka 1890 ilianza kazi njia iliyochimbwa chini zaidi na kuendeshwa kwa umeme. Wenyeji huiita reli hiyo Tube, maana yake bomba, kwa kuwa njia nyingi hupita katika mashimo ya mviringo yaliyo mfano wa bomba. Leo iko njia 11, na stesheni zake ni 272.

Kila njia ina jina na rangi yake. Central ni nyekundu, District ni ya kijani, Circle ni ya manjano, Northern ni nyeusi, na Victoria ni ya samawati. Rangi hizo hutumika katika ramani na katika vibao vya stesheni, hivi kwamba mgeni aweza kuifuata rangi kama vile mwindaji afuatavyo nyayo, mpaka afike penye treni aitakayo.

Lakini kuijua njia hakutoshi. Hapana budi kuujua na upande. Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Mathalani kijana ashukaye katika uwanja wa ndege wa Heathrow, naye aenda katika chuo cha SOAS, ambacho Kiswahili hufundishwa ndani yake. Stesheni iliyo karibu na chuo hicho ni Russell Square. Njia ya Piccadilly, ambayo imefika katika uwanja huo tangu mwaka 1977, humchukua moja kwa moja bila kubadili treni, kwa muda wa saa moja hivi. Lakini akitazama mbele ya treni haoni jina la Russell Square. Aona Cockfosters, mahali asipopajua wala asipo na haja napo. Treni ya pili imeandikwa Arnos Grove. Kijana huziacha zipite, akingojea treni iliyoandikwa Russell Square, nayo haitakuja hata siku moja. Kumbe zote mbili zingalimfikisha, kwa sababu jina liandikwalo ni la mahali ambapo treni itaishia, si la kila mahali itakapopita.

Kanuni yake ni hii. Mtu atafute katika ramani stesheni aendayo, kisha aufuate mstari kwa kidole, aipite stesheni hiyo mpaka aufikie mwisho. Treni yo yote ifuatayo mstari huo na kuishia mbele ya stesheni yake yamfaa. Yampasa kuangalia zaidi pale mstari unapogawanyika. Katika stesheni ya Earl's Court, kwa mfano, treni za District ziendazo magharibi hutawanyika: moja huenda Wimbledon, nyingine Richmond, nyingine Ealing Broadway. Atakayepanda pasipo kusoma kibao aweza kupelekwa mbali sana na nyumbani kwake, hali rangi ya njia ni ile ile.

RAMANI NA UDANGANYIFU WAKE

Ramani itumikayo ilibuniwa mwaka 1931 na Harry Beck, mtu aliyekuwa na kazi ya kuchora michoro ya ufundi, nayo ikachapishwa kwa ajili ya watu wote mwaka 1933. Yeye aliona ya kuwa msafiri aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua kila kona ya reli. Haja yake ni kujua stesheni zafuatana vipi, na wapi aweza kubadili treni. Basi akanyosha mistari yote, akazitenga stesheni kwa nafasi zilizo karibu sawa, kama michoro ya nyaya za umeme. Ramani hiyo imeigwa katika miji mingi ya dunia.

Lakini yafaa mwanafunzi ajue ya kuwa ramani hiyo haipimi umbali. Stesheni za Leicester Square na Covent Garden huonekana kama stesheni nyingine zo zote zifuatanazo, lakini kati yake hapana hata mita 300. Mgeni hushuka chini, hungoja treni, hupanda tena juu, na amelipa nauli kamili, hali angaliweza kwenda kwa miguu kwa dakika chache na kuona maduka njiani. Kwa hiyo mwenye busara huwa na ramani mbili: ile ya reli, na ile ya barabara za mji.

NAULI NA KADI

Tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Abiria hulipa kwa kadi. Kadi moja huitwa Oyster, maana yake chaza, nayo ilianza kutumika mwaka 2003. Mtu hutia fedha ndani yake kabla ya safari. Nyingine ni kadi ya benki, au simu, inayogusishwa juu ya mashine. Mwanafunzi atumiaye kadi ya benki ya kwao yampasa kuuliza kwanza kama benki hiyo itamtoza ada kwa kila malipo ya nchi za nje.

Kanuni za kadi ni chache, nazo yafaa zishikwe kama hesabu ya kuzidisha.

Katika basi, kadi hugusishwa mara moja tu, wakati wa kupanda. Katika treni hugusishwa mara mbili, wakati wa kuingia stesheni na wakati wa kutoka. Asahauye kugusisha wakati wa kutoka, mashine haijui ameishia wapi, nayo humtoza nauli iliyo kubwa kabisa. Akigundua kosa lake mapema, aweza kuomba arudishiwe kilichozidi.

Kadi itumikayo mwanzo wa safari ndiyo itumike na mwisho. Mtu akiingia kwa simu na kutoka kwa kadi ya benki, ingawa fedha zatoka katika akiba moja, mashine huona watu wawili, kila mmoja na safari isiyokamilika, nayo hutoza mara mbili.

Nauli ya treni hutegemea mambo mawili. La kwanza ni eneo. Mji umegawanywa katika maeneo yaliyozungukana kama maganda ya kitunguu: la 1 liko katikati, na la 9 liko mbali kabisa. La pili ni wakati. Siku za Jumatatu hata Ijumaa, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3 na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 1 ya jioni, nauli nyingi huwa kubwa zaidi. Saa hizo zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili. Katika vibao vya Uingereza saa 10 ya alasiri huandikwa 16:00, na mwanafunzi hana budi kuizoea hesabu hiyo ya saa 24. Mwenye nafasi ya kungoja nusu saa mpaka msongamano upungue hujiwekea akiba kila juma.

Nauli ya basi haifuati maeneo wala saa. Mwaka 2023 iliwekwa kuwa pauni 1 na peni 75, na mtu akisha kulipa aweza kupanda mabasi mengine katika muda wa saa moja bila kulipa tena. Nauli hubadilika, kwa hiyo yafaa kuihakikisha. Tena uko mpaka wa malipo ya siku: safari zikiwa nyingi na mpaka huo ukafikiwa, mashine haitozi zaidi mpaka siku ya pili. Mwanafunzi wa chuo kilichoandikishwa katika mpango huo aweza pia kuomba kadi ya Oyster yenye picha yake, ambayo humpunguzia asilimia 30 ya bei ya tikiti za juma, za mwezi au za mwaka. Wengi huchelewa kuiomba kwa kutojua, nao hulipa bei kamili kwa miezi.

HATARI YA KUSAFIRI BILA KULIPA

Stesheni nyingi zina vizuizi visivyofunguka ila kwa kadi. Lakini ziko stesheni zisizo na vizuizi, hasa katika reli nyepesi ya upande wa mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1987. Huko mashine ya kadi imesimama pembeni kama mlingoti mfupi, na watu hupita bila kuzuiwa. Mgeni aweza kudhani ya kuwa safari hiyo ni ya bure. Si ya bure. Wakaguzi huingia ndani ya treni bila taarifa na kumtazama kila mtu kadi yake, na neno "sikujua" halimwokoi mtu.

Tangu Machi 2024 faini ya mtu aliyekutwa bila tikiti iliyo halali imekuwa pauni 100, nayo hupunguzwa nusu ikilipwa katika siku 21. Hiyo ni hasara kubwa kwa mtu anayeishi kwa karo na posho. Lakini iko iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtu aonekanaye kuwa alikusudia kudanganya aweza kupelekwa mahakamani. Akihukumiwa, jina lake huandikwa katika kumbukumbu za wahalifu, na mgeni huulizwa habari za hukumu kama hizo aombapo ruhusa nyingine ya kuingia au kukaa nchini. Hivyo nauli ya pauni chache yaweza kuharibu masomo ambayo ukoo mzima uliyachangia kwa kuuza ng'ombe na mashamba.

Kwa sababu hiyo kuna mambo matatu ambayo mwanafunzi asiyafanye hata rafiki akimwambia kwamba kila mtu hufanya hivyo: asipite kizuizini akimfuata mtu mwingine mgongoni, asitumie kadi yenye picha ya mwenziwe, wala asimwazime mwenziwe ya kwake.

MABASI

Mwanafunzi akisha kukaa siku chache yafaa ajaribu mabasi. Nauli yake ni ndogo, na atokaye kwa basi huuona mji na kuujua, hali atokaye kwa treni hujua mashimo tu. Magari ya Uingereza hupita mkono wa kushoto kama ya Kenya, kwa hiyo kulijua basi litakakotokea si shida. Kila kituo kina nguzo yenye namba za mabasi yasimamayo hapo, na mahali penye vituo vingi kila kimoja kina herufi yake. Basi la namba ile ile huenda pande mbili. Asiyeangalia hupanda katika upande wa barabara usiofaa, akapelekwa mbali na aendako.

Basi likionekana, abiria hunyosha mkono ili dereva amwone. Huingia kwa mlango wa mbele, na hushuka kwa mlango wa katikati. Akikaribia kituo chake hubonyeza kitufe chekundu, na basi husimama kituoni tu. Kumwomba dereva asimame penye kona ya nyumba yake ni kazi bure. Chini yaruhusiwa kusimama viti vikijaa, lakini katika orofa ya juu hairuhusiwi.

Treni nyingi hukoma karibu na saa 6 za usiku. Tangu mwaka 2016 baadhi ya njia huendelea usiku kucha siku za Ijumaa na Jumamosi, lakini si njia zote. Mabasi yaliyotiwa herufi N mbele ya namba ni ya usiku, na yako mengine yasiyolala kabisa. Mwanafunzi asomaye mpaka usiku katika maktaba, au afanyaye kazi ya jioni, azijue namba hizo kabla ya kuzihitaji, asije akasimama kituoni usiku wa manane katika baridi ya Januari.

ADABU ZA SAFARI

Katika ngazi ziendazo zenyewe, ambazo zilianza kutumika katika reli hiyo mwaka 1911, asimamaye husimama upande wa kulia, na upande wa kushoto huachiwa wenye haraka. Mlangoni mwa treni, washukao hutangulia, ndipo wapandao huingia. Viti vilivyo karibu na mlango ni vya wazee, wagonjwa na wanawake wenye mimba. Kituoni watu hupanga foleni, na kuivunja ni aibu kubwa.

Kijana wa Kenya hushangazwa zaidi na ukimya. Watu 50 huketi pamoja bila salamu, kila mmoja akitazama kitabu chake au simu yake. Huenda akadhani ya kuwa wamemchukia. Sivyo, ndivyo wakaavyo na wao kwa wao. Lakini mtu aliyepotea akimwendea mtumishi wa stesheni, au hata abiria mwingine, akasema kwa upole ya kuwa ni mgeni, aghalabu husaidiwa. Kuuliza si ujinga, na neno hilo ni kweli London kama lilivyo kweli Lamu.

NYUMBA NA NAULI

Mwanafunzi atafutaye chumba huona ya kuwa kodi hupungua kadiri aendavyo mbali na katikati ya mji. Hufurahi, akatia sahihi. Mwisho wa mwezi huona ya kuwa alichokiokoa katika kodi amekila katika nauli, na juu yake amepoteza saa mbili kila siku njiani. Basi kabla ya kutia sahihi aijumlishe kodi pamoja na nauli ya mwezi mzima, kisha alinganishe. Chumba kilicho ghali kidogo lakini karibu na chuo, au penye basi moja lifikalo chuoni, huenda kikawa ndicho rahisi. Akumbuke pia kwamba kadi ya Oyster si ya nchi nzima. Aendaye miji ya mbali hununua tikiti ya safari hiyo, nayo mara nyingi huwa rahisi ikinunuliwa siku nyingi mbele.

Wanafunzi waliotangulia wana desturi iliyo njema. Mgeni akifika, humchukua Jumapili ya kwanza, wakati watu ni wachache, wakaenda naye kutoka nyumbani mpaka mlangoni mwa chuo na kurudi. Safari ya pili humwacha yeye atangulie na kusoma vibao, nao hufuata nyuma bila kusema neno mpaka akosee. Jumatatu hufika darasani kwa wakati, na nauli aliyoitumia ni ile iliyompasa. Baada ya mwaka mmoja huwa zamu yake kumpokea mwingine.